Vifaranga na Baridi ya Kipupwe

Wasikilizaji wetu wa Kibiti na Bungu, nanyi wa Delta ya Rufiji kule Nyamisati na Mbwera, kusi imeshaanza kuvuma, na alfajiri za Juni hazimfai kifaranga asiyeota manyoya.

Anayelelewa bila mama anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Kila wiki punguza kama nyuzi 3. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakirundikana, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, hapo umepatia. Jiko la mkaa linafaa, ila acha upenyo wa hewa: sumu yake haionekani, na inaua kuku na mlezi pia.

Wanaoongozwa na tetea watoke umande ukishakauka. Usiku walale juu ya maganda makavu ya mpunga. Rufiji hayo hatununui!

Ugonjwa wa mdondo nao haungoji. Chanjo inayovumilia joto inatengenezwa mkoani kwetu, Kibaha: tone moja jichoni, kisha rudia kila miezi 3. Muone ofisa mifugo wa kata yako wiki hii.