China na sheria ya kimataifa: kitabu na manowari

Kila mara China inaposimama katika Umoja wa Mataifa kupinga nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, hoja hiyo hutoka mbali. Wanahistoria wengi wa China huianzia mwaka 1839, katika bandari ya Guangzhou.

Mwaka huo Lin Zexu, mjumbe wa Mfalme aliyetumwa kukomesha biashara ya kasumba, aliagiza kutafsiriwa vifungu vya kitabu cha mwanasheria wa Uswisi, Emer de Vattel. Alitaka kujua iwapo sheria ya Wazungu wenyewe inairuhusu nchi kupiga marufuku bidhaa za kigeni. Jibu lilikuwa ndiyo. Lin akateketeza makasha zaidi ya 20,000 ya kasumba, na Uingereza ikajibu kwa manowari. Kwa Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, China iliitoa Hong Kong, ikafungua bandari tano na kulipa dola za fedha milioni 21. Mikataba iliyofuata iliwaweka Waingereza na Wamarekani nje ya mahakama za China: aliyetenda kosa alihukumiwa na balozi mdogo wa nchi yake. Wachina huiita mikataba isiyo na usawa.

Hata hivyo, kitabu kiliwahi kufaa. Mwaka 1864, manowari ya Prussia ilikamata meli za Denmark katika maji ya China. Mwanamfalme Gong alipinga kwa hoja alizozipata katika kitabu cha Mmarekani Henry Wheaton, kilichokuwa kikitafsiriwa kwa Kichina. Prussia ikaziachia meli na kulipa fidia.

Imani hiyo ilivunjika mwaka 1919. China ilikuwa upande wa washindi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini Mkataba wa Versailles uliipa Japani haki za Ujerumani katika jimbo la Shandong. Wanafunzi waliandamana Beijing, na ujumbe wa China ukakataa kutia saini. Uingereza na Marekani ziliacha rasmi haki ya kuwahukumu raia wao nchini China mwaka 1943 tu.

Ndiyo maana kanuni tano za kuishi kwa amani, ambazo China na India zilizitangaza mwaka 1954, zinatanguliza kuheshimu mamlaka ya kila nchi.

Lakini mizani imegeuka. Mwaka 2016, jopo la waamuzi mjini The Hague liliamua kwa manufaa ya Ufilipino kuhusu Bahari ya Kusini ya China. Beijing ilisema jopo halikuwa na mamlaka, ikaukataa uamuzi. Kwa majirani wadogo, huo ni ule msemo wa kale: mwenye nguvu mpishe. Swali la Lin Zexu, iwapo sheria humfunga na mwenye manowari, sasa linaulizwa mlangoni pa China yenyewe.