Jirani Kanuna

Joho hili lina joto.

Wazazi, poleni kwa ada na hongereni. Najua wengine mlipoambiwa mtoto anasomea shahada ya ubunifu wa maleba, mliuliza kwani cherehani nayo ina chuo kikuu? Baba yangu aliuliza hivyo hivyo. Mpaka leo nikienda kumsalimia nakuta suruali mbili kitini zinasubiri kukunjwa pindo. Nazikunja.

Wanangu wahitimu, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa mchezo wa jukwaani wa Vita vya Maji Maji. Nilikuwa na fedha kidogo na kiburi kingi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kanga doti saba, nikizichagua kwa rangi tu: nyekundu na nyeusi, nikasema taa zikipiga hapo mtanitambua. Usiku wa kwanza mjane anaingia, anapiga magoti mbele ya maiti ya mumewe. Ukumbi kimya, mama mmoja anafuta machozi. Mjane akainama. Nyuma yake, herufi kubwa kama kibao cha duka: JIRANI KANUNA, MIE NANAWIRI.

Kicheko kilianzia viti vya nyuma. Mtu mmoja akayasoma maneno yale kwa sauti, kuwasaidia wasio na miwani. Hata maiti tumbo lilimtikisika.

Nilikuwa nimetazama mji na pindo la kanga, jina sikulisoma. Shangazi yangu, ambaye darasa la nne hakulimaliza, hanunui kanga kabla ya kusoma jina na kujiuliza litamfikia nani. Mimi msomi nikanunua rangi.

Bado. Baada ya mchezo, mzee mmoja mwenyeji wa Kilwa alinifuata nyuma ya jukwaa. Yeye hakucheka. Akasema, “Hata jina lingekuwa la msiba, mwaka 1905 bibi zetu kule walijifunga kaniki. Na hizo kanga za Pwani, maandishi yake ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Mjane huyu umemtoa wapi?” Nikamjibu, Kariakoo. Akashika ncha ya kanga, akaifikicha kwa vidole. “Na wanga wa dukani bado umo. Vita havikupita hapa?”

Swali hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Tangu siku hiyo sipandishi nguo mpya jukwaani kama mwenye nguo si mtu wa nguo mpya. Naifua mara kumi, naianika kwenye jua kali, naichovya kwenye chai ya rangi, naipiga msasa. Lakini si kila mahali! Shati la mkulima huanza kufa begani, pale anapoegesha jembe. Kanga ya mama anayebeba mtoto hulegea kifuani, pale fundo linapokaa. Suruali ya dereva wa daladala ing'arishe makalioni. Hayo hamtayapata yote darasani. Nendeni stendi, kaeni, tazameni watu mpaka waulize mnatazama nini.

Sasa lalamiko langu, maana walionialika wanajua sikosi. Mtayarishaji atakupigia simu siku tatu kabla ya kamera kuwashwa. Fedha ya kamera ipo, ya droni ipo, ya wali kuku ipo. Ya maleba? “Waigizaji waje na nguo zao.” Ndiyo maana kwenye filamu zetu maskini wa kijijini ana blauzi yenye mstari wa pasi. Nimewahi kupewa shati moja tu kwa mtu anayechomwa kisu, na picha za yeye akiwa hai zikapangwa kesho yake. Tulifua usiku kucha. Kulipokucha marehemu akanywa chai na doa lake kifuani. Daini nguo tatu zinazofanana. Wakikataa, waambieni basi auawe kwa sumu.

Mwaka 2019 Ruth E. Carter alipopokea Oscar kwa maleba ya Black Panther, mtu mweusi wa kwanza kuipata kwa kazi hii, simu yangu haikupumzika. Shanga za Kimaasai zile, mablanketi ya Wasotho yale, umeona? Nimeona. Niliwauliza watayarishaji walionipigia: na yeye aliambiwa waigizaji waje na nguo zao? Mmoja alikata simu.

Wahadhiri, ahsanteni kwa kuwavumilia hawa na sindano zilizozagaa sakafuni.

Naoneshwa karatasi kwamba muda umekwisha. Kabla ya picha ya pamoja: binti wa safu ya tatu, skafu ya joho lako imegeuka, ya ndani iko nje. Na kijana uliye pembeni yake, karatasi ya bei ipo bado chini ya soli. Nimeisoma nikiwa hapa hapa. Njooni nyote wawili, pini ninazo.