Chumba Kisicho na Mtu: Mwanga katika Mchoro wa Vilhelm Hammershøi

Mchoro ninaowaomba tuutazame jioni hii hauna mtu, hauna kiti wala meza. Vilhelm Hammershøi wa Denmark aliuchora mwaka 1900 kwa rangi za mafuta, katika nyumba aliyoishi na mkewe Ida mtaa wa Strandgade, namba 30, jijini Copenhagen. Kwa Kiswahili tungeuita “Chembe za Vumbi Zikicheza Katika Miali ya Jua”. Turubai ni dogo, takriban sentimita 70 kwa 59, nalo limo katika makumbusho ya Ordrupgaard, nje kidogo ya jiji hilo. Tunaona dirisha la vioo vingi na mlango uliofungwa. Jua linapenya, miali inashuka mshazari, na umbo la vioo linajichora upya sakafuni. Basi.

Wengi wameusoma mchoro huu kama picha ya upweke, na hoja yao si dhaifu, kwani mlango umefungwa na kijivu kimetawala. Mimi nadai kwamba utupu huu ni kazi iliyofanywa kwa makusudi ili mwanga wenyewe uwe mkazi wa chumba. Ushahidi wa kwanza umo katika michoro yake mingine ya nyumba hiyohiyo: humo mna meza, viti, piano, na Ida aliyevaa nguo nyeusi akitupa mgongo. Vitu alikuwa navyo, hapa kaviondoa. Wa pili ni mistari. Fremu ya dirisha, mlango na mbao za ukutani vyote vimesimama wima au vimelala, na miali pekee ndiyo inayokatiza mshazari, hivyo jicho halina pengine pa kwenda. Wa tatu, ninaouthamini kuliko yote, ni vumbi. Mwali wa jua hauonekani ubavuni ila hewani mna chembe za kuutawanya, na vumbi la nyumbani hutokana kwa sehemu na nyuzi za nguo na ngozi za wanaoishi humo. Waliotoka chumbani bado wamo, wakielea ndani ya mwanga.

Atakuja mwenzangu aseme kwamba Vermeer, Mholanzi wa karne ya 17, aliyamaliza haya zamani. Kweli alichora jua la dirishani kwa ustadi usio na mfano, lakini kwake mwanga unamtumikia binadamu: unamwangukia mwanamke anayemimina maziwa ili tumwone yeye. Hammershøi amemwondoa anayetumikiwa akaubakiza mwanga.

Pingamizi zito zaidi ni la rangi: kama alilipenda jua, mbona kuta zimepoa hivi? Jibu limo katika rangi za mafuta zenyewe. Rangi angavu kuliko zote mkononi mwa mchoraji ni nyeupe, na nyeupe hiyo haikaribii hata kidogo ukali wa jua halisi. Hawezi kuliongeza jua. Anachoweza ni kuvishusha vingine vyote mpaka weupe hafifu sakafuni uonekane unawaka. Anayetaka kuta zichangamshwe anataka, bila kukusudia, jua lizimwe.