Fedha Zinaingia kwa Jina la Nani? Kuchagua Njia ya Kuchangia Matembezi Yetu

Maneno ya mhasibu wa chama kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Mkutano uliopita uliamua kwamba Desemba ijayo tufanye matembezi ya hisani kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, ili tumalize wodi ya wazazi kwenye zahanati yetu. Kuta zipo, mabati hayapo. Kila masika mama mwenye uchungu anateremshwa kwa pikipiki kwenye utelezi, na safari hizo sote tunazijua. Vijana wameuliza tutumie mtandao gani kukusanya fedha, na kamati imenituma nijibu mbele yenu.

Nianze na jambo linaloniuma. Miaka michache iliyopita tulichangia ukarabati wa mfereji kwa namba ya simu ya mwenzetu mmoja. Alikuwa mwaminifu na daftari lake lilikuwa safi. Akafariki ghafla. Fedha zilizokuwa kwenye simu yake zikahesabiwa pamoja na mali ya marehemu, zikasubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Miezi ikapita. Kwenye mbege yakaanza maneno kwamba mjane amekula mchango. Hakuwa amegusa hata shilingi. Fedha zilipotoka zilikuwa kamili, lakini yule mama aliacha kuja kwenye mikutano yetu na mpaka leo hajarudi. Hakuna aliyeiba. Sisi ndio tuliochagua njia mbaya.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtandao wowote ni hili: fedha zinaingia kwa jina la nani?

Mlima wetu umepandwa kwa ajili ya hisani muda mrefu. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita na Tume ya Kudhibiti UKIMWI wamekuwa na Kili Challenge, watu wakipanda na kuendesha baiskeli kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Machi 2009 wasanii na watangazaji tisa wa Uingereza, akiwemo Gary Barlow, walifika kileleni kwa ajili ya shirika la Comic Relief, na zaidi ya pauni milioni 3 zikapatikana. Mchangiaji hakutuma fedha kwa simu ya Gary Barlow. Alituma kwa shirika lililosajiliwa na linalokaguliwa.

Sasa tuitazame mitandao iliyotajwa. Wa kwanza ni GoFundMe. Ni maarufu, lakini Tanzania haimo katika nchi ambazo akaunti zake za benki zinaweza kupokea fedha kutoka huko. Ndugu yetu aliyeko Marekani angelazimika kuufungua kwa jina lake, fedha ziingie benki kwake, kisha azitume huku. Hapo tumerudi kwenye simu ya marehemu, safari hii kwa dola.

Wa pili ni JustGiving wa Uingereza. Faida yake kubwa ni kwamba, mchango ukienda kwa shirika la hisani linalotambuliwa kule, mlipa kodi wa Uingereza akitoa pauni 1 serikali yao inaweza kuongeza peni 25. Chama chetu hakina usajili wa Uingereza. Tungehitaji shirika la kule linalokubali kwa maandishi kupokea kwa niaba yetu.

Wa tatu ni njia ya hapa nyumbani: namba ya kampuni ya malipo ya simu, iliyosajiliwa kwa jina la chama, ambayo fedha zake zinahamia kwenye akaunti ya benki ya chama yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Swali la pili ni makato. Kule Marekani GoFundMe hukata asilimia 2.9 na senti 30 za dola kwa kila mchango. Anayetoa dola 100 anakatwa dola 3 na senti 20. Anayetoa dola 5 anakatwa kama senti 44 na nusu, yaani karibu asilimia 9. Makato ya kudumu humla zaidi mtoaji mdogo, na watoaji wetu wengi ni wadogo. Kwa hiyo tusidanganywe na asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hata hapa nyumbani tuombe viwango kwa maandishi: anakatwa nani, mtumaji au chama, na kuhamishia benki ni kiasi gani.

Swali la tatu: tutajuaje mchango umeletwa na mtembeaji gani? Njia ya namba ya kampuni ina nafasi ya namba ya kumbukumbu. Kila mtembeaji apewe yake. Shangazi yake wa Tabata akituma shilingi 5,000, taarifa itaonyesha zimekuja kupitia nani, bila ubishi.

Mapendekezo ya kamati ni haya. Hapa nchini tutumie namba ya kampuni kwa jina la chama. Kwa walioko ng'ambo tusifungue ukurasa wowote kwa jina la mtu binafsi. Watume moja kwa moja benki ya chama mpaka tupate shirika la kushirikiana nalo. Kila mtembeaji ajilipie kiingilio cha hifadhi, mwongozaji, usafiri na chakula; fedha ya wodi isinunue hata maji ya njiani. Kila Jumapili jumla itangazwe kwenye kundi la WhatsApp, na karatasi ibandikwe zahanati na makanisani kwa wazee wasiotumia simu za kisasa. Asiyetaka jina lake lionekane, tuliheshimu. Mwisho wa yote, hesabu zikaguliwe na mtu asiye mjumbe wa kamati.

Wazee wetu walichimba mifereji kutoka mtoni hadi vihambani. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya maji, na palipovuja palizibwa na wote. Fedha hizi tuzilinde hivyo hivyo, tangu zinapotoka kwa mtoaji hadi bati linapopigwa msumari.

Nina ombi la mwisho, nalo halimo kwenye ajenda. Kabla hatujatangaza namba ya kuchangia, Mwenyekiti na wazee wawili wachukue jani la isale waende kwa yule mama. Wamwambie chama kilikosea. Nami nitaenda nao, kwa sababu mwaka ule nilikuwa mhasibu wenu, na sikuuliza fedha zinaingia kwa jina la nani.