Ndani ya Banda, Si Chini ya Kitanda

Mada ya leo itawachekesha baadhi yenu: kuku. Tumezoea kuzungumza habari za malaria, UKIMWI na mambo ya ujana. Sasa kuku wameingiaje? Ngoja nikuambie.

Tuseme serikali imetangaza kwamba mafua ya ndege yameingia, na kila mwenye kuku awafungie ndani. Unarudi nyumbani jioni. Bibi amesikia redioni, naye ametii: kuku 9 na bata 2 wote wamo ndani. Ndani wapi? Chumbani kwako, chini ya kitanda! Amri imefuatwa, lakini wewe utalala usiku kucha ukivuta vumbi la kinyesi chao. Hapo ndipo penye hatari.

Kwanza tuelewe kwa nini wanafungiwa. Virusi vya mafua ya ndege husambazwa sana na ndege wa porini, hasa wale wa majini wanaosafiri kutoka nchi hadi nchi. Vinatoka katika kinyesi, mate na kamasi zao. Kuku wako akichakura penye kinyesi hicho, au akinywa dimbwi moja na ndege hao, ameshapata.

Usidhani ni hadithi ya mbali. Mwezi wa Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Entebbe, Uganda. Huko Masaka ugonjwa ukakutwa hata kwa bata na kuku wa kufugwa. Kilikuwa kirusi cha aina ya H5N8. Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka Uganda mwezi huohuo. Na kule England, Uingereza, amri ya kuwafungia ndani ilianza tarehe 7 Novemba 2022, ikaondolewa tarehe 18 Aprili 2023. Ilimhusu kila mfugaji, hata mwenye kuku wawili tu nyuma ya nyumba.

Je, binadamu anapata? Ndiyo, ingawa si rahisi. Hong Kong mwaka 1997 watu 18 waliugua mafua ya ndege ya aina ya H5N1, na 6 kati yao walikufa. Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limehesabu wagonjwa zaidi ya 900 wa aina hiyo, na karibu nusu walifariki. Wengi waliwashika ndege wagonjwa au waliokufa, au walikaa nao karibu. Sasa jiulize: nyumbani kwenu nani hufagia banda? Nani hunyonyoa manyoya? Mara nyingi ni wewe na wadogo zako. Ndiyo maana tunazungumza na wewe.

Banda liweje?

Si lazima liwe la gharama. Miti, mabanzi na wavu vinatosha. Mambo muhimu ni haya:

Paa lisivuje, wala kinyesi cha ndege wa angani kisipenye. Pembeni weka wavu wa matundu madogo ili hata shomoro asiingie, lakini hewa ipite. Kuku 5 au 6 wapate angalau mita moja ya mraba. Sakafuni tandaza maranda au pumba za mpunga, na uyabadilishe yakilowa. Ukiingia macho yakawasha, ujue ni machafu.

Bata wakae mbali na kuku. Bata anaweza kubeba virusi hivi huku anatembea kwa maringo kama kawaida.

Maji yawe ya bomba au kisima, si ya ziwani wala ya dimbwi. Weka kandambili za bandani tu, usiingie nazo jikoni. Ukitoka, nawa mikono kwa sabuni. Wakati wa kufagia funika pua na mdomo kwa kitambaa, na nyunyiza maji kidogo kwanza ili vumbi lisiruke.

Halafu kuna chakula. Kuku wa kienyeji amezoea kujitafutia, kwa hiyo ukimfungia bila kumlisha unamuua kwa njaa. Mpe pumba za mahindi, mabaki ya ugali, dagaa waliosagwa, mchwa. Funga fungu la mchicha lining'inie juu kidogo, walirukie. Kuku asiye na kazi huanza kudonoa wenzake.

"Ah, ni mdondo tu!"

Hilo ndilo neno la hatari. Kuku wanakohoa, vichwa vimevimba, vilemba vimekuwa vya buluu, wanakufa kwa mkupuo. Jirani anasema ni mdondo, wachinje upesi kabla hawajafa, wengine wapeleke sokoni. Kweli, mdondo unafanana sana na mafua ya ndege. Hata bwana mifugo hawezi kutofautisha kwa macho, mpaka maabara. Na chanjo ya mdondo, lile tone la jichoni, haizuii mafua ya ndege.

Kwa hiyo kuku wakifa ghafla, usichinje, usiuze, usitupe ziwani wala usiwape mbwa. Zuia watoto, kisha mwite bwana mifugo. Najua unaogopa: watakuja kuwaua wote, na fedha ya daftari imekwenda. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini ukiwaficha, virusi vitahamia kwa jirani, kisha kwa mdogo wako. Kuku unaweza kuanza upya na jike mmoja. Mdogo wako hana wa pili.

Na kama ulishika ndege wagonjwa kisha ukapata homa, kikohozi, macho mekundu au kupumua kwa shida, nenda zahanati siku hiyohiyo. Mwambie mganga wazi: "Nilishika kuku waliokufa." Usione aibu.

Wala usiache kula kuku na mayai. Kuku mzima, aliyepikwa mpaka nyama isiwe na damu, na yai lililoiva kabisa, havina neno.

Turudi kwa bibi. Ukimwambia, "Bibi, unakosea," utafukuzwa jikoni. Anza hivi: "Shikamoo bibi. Kesho sina shule, nikujengee banda la kuku? Chakula nitawatafutia mimi." Nani atakataa? Jumamosi moja, nyundo ya kuazima na wenzako wawili, kazi imekwisha.

Basi, anza sasa kabla amri haijatangazwa. Siku ikitangazwa, kuku wataingia kwao, nawe utalala kwako.