MAJANI YA DAWA NA UVIMBE WA SARATANI

(Haya ni maneno ya mazungumzo ya mhudumu wa afya na wakazi wa kambi. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Wengi wenu mmetoka Rumonge, Minago, Nyanza-Lac na vijiji vingine vya pwani ya ziwa. Huko kila ua una mti wa dawa. Umubirizi uko karibu na mlango, na mawese yako jikoni. Kwa hiyo tunaulizwa mara kwa mara: je, majani haya yanaweza kuponya uvimbe wa saratani? Swali hili ni la haki na halistahili kuchekwa. Leo nitalijibu.

Kwanza, uvimbe ni nini?

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli inahitaji chakula, hasa sukari inayoletwa na damu, na hewa safi ili kuigeuza sukari hiyo kuwa nguvu. Seli nzuri huchukua kiasi chake na huacha kugawanyika inapotakiwa.

Seli ya saratani haina adabu hiyo. Ifikirieni kama mtu anayefika bombani na madumu ishirini, hapangi foleni, anachota ovyo, na maji mengine anayamwaga chini. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kwamba uvimbe hula sukari nyingi mno na kuitumia kwa njia ya hasara. Taka yake ni asidi, nayo humwagika kwa majirani. Seli nzuri zilizo pembeni hudhoofika, na hata askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa hushindwa kufanya kazi vizuri mahali hapo.

Wengine wakisikia hivi humnyima mgonjwa sukari, uji na ugali ili uvimbe ufe njaa. Msifanye hivyo. Uvimbe utachukua sukari inayotengenezwa na mwili wenyewe, na mgonjwa ndiye atakayekonda. Mgonjwa wa saratani anahitaji kula.

Pili, je, mimea ina nguvu juu ya uvimbe?

Ndiyo. Mnalijua ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano, linalopandwa mbele ya nyumba na makaburini. Asili yake ni Madagaska. Mwaka 1958 watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walitangaza dawa waliyoipata katika majani yake. Baadaye ikapatikana ndugu yake, vinkristini, ambayo hospitali zinaitumia mpaka leo.

Seli inapogawanyika husuka nyuzi nyembamba za kuvuta vitu vyake pande mbili, kama wavuvi wanavyovuta wavu kwa kamba mbili. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisisukwe. Seli hushindwa kugawanyika, ikafa.

Dawa hii inahusu watoto wetu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ugonjwa ulionekana zaidi katika nchi za chini zenye joto na mvua, yaani kwenye malaria nyingi, na kidogo katika milima yenye baridi. Pwani ya Tanganyika ni nchi ya namna hiyo ya joto na malaria. Uvimbe huu hukua upesi sana, lakini watoto wengi hupona wakiwahi kupewa dawa za hospitali, na vinkristini ni mojawapo.

Tatu, basi kwa nini tusichemshe majani nyumbani?

Sababu ni kipimo. Mamia ya kilo za majani makavu ya ua lile hutoa gramu chache tu za dawa, na majani yale yana vitu vingine vingi. Vinkristini huingizwa kwenye mshipa wa damu kwa kipimo cha mwili wa mtoto. Ikizidi kidogo, huharibu mishipa ya fahamu. Anayekunywa chai ya majani hayo hajui amekunywa kiasi gani. Huenda akapata sumu bila kupata dawa.

Na umubirizi? Mwaka 1987, katika milima ya Mahale upande wa Tanzania wa ziwa letu, mtafiti Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha mti huo. Kesho yake alikuwa na nafuu. Watafiti wanahusisha jambo hilo na minyoo ya tumbo, si saratani. Tena sokwe hutupa majani na maganda, na humo ndimo kuna sumu nyingi. Ni sumu hiyo hiyo inayoua seli za saratani katika kisahani cha maabara. Lakini kisahani si mtu. Hata jiki huua seli za saratani kisahanini, na hakuna atakayemnywesha mgonjwa jiki.

Mawese ni chakula kizuri. Rangi yake nyekundu hutokana na vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Lakini vitu hivyo vikifanywa dawa, mambo hubadilika. Huko Finland wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika jaribio la vidonge. Matokeo yalitolewa mwaka 1994: waliopewa vidonge vya betakarotini, kitu kimojawapo kinachopatikana katika mawese, walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo pikieni mawese, lakini msiyanywe kwa vikombe kama dawa.

Tunawaomba mfanye haya:

1. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea bila kuumia, mleteni zahanati siku hiyo hiyo. Msisubiri kumaliza dozi ya majani. Kwa uvimbe huu wiki mbili ni nyingi.

2. Mtu mzima mwenye uvimbe usiopungua, kidonda kisichopona, au damu isiyo ya kawaida, naye aje.

3. Kama mmetumia dawa ya jadi, tuambieni jina lake na siku mlizoitumia. Hatutawagombeza. Ini ndilo linalovunja dawa za saratani, za kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Baadhi ya majani huharakisha kazi ya ini, mengine huichelewesha. Dawa itapungua nguvu au itageuka sumu.

4. Mkipewa rufaa ya hospitali, msikatishe matibabu kwa sababu uvimbe umepungua. Seli chache zilizobaki hurudi kuwa nyingi.

Waganga wa jadi mlio hapa, nanyi tunawaomba. Mama akiwaletea mtoto mwenye taya iliyovimba, mpelekeni kwetu ninyi wenyewe. Mtakuwa mmemwokoa.