Sikai, kole na kazi ya lopango: maneno yetu kwa vijana wa Kyavinyonge



Leo hatukuja kusoma tamko. Tumekuja kuongea juu ya viti vya gari na ule ubao wa ndani ya mlango. Tunajua wako wenye kucheka: angalia hawa wa lisansi, masomo imewachosha, sasa wanafunika viti. Ndiyo, tuko na lisansi na hatuko na kazi. Karatasi ya univasiti haiombe chakula, sisi ndio tunaomba. Kwa hiyo tuongee.

Muangalie kwanza pahali mnaishi. Kyavinyonge iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925. Kulima hapana, sheria inakataza. Ziwa Edward liko mbele ya mlango, lakini mitumbwi yenye ruhusa inahesabiwa, na kijana asiye na nafasi ndani ya mtumbwi akienda kwa kujificha anaweza kushikwa hapa, ama kule upande wa Uganda, juu ya maji hakuna kamba inayoonyesha mpaka. Wako walioshikwa, mnawajua kuliko sisi. Kazi isiyoomba shamba wala mtumbwi, kwa kijana wa hapa, si kazi ndogo.

Na kazi hiyo inapita barabarani kila asubuhi. Samaki anatoka hapa, mbichi, wa moshi, wa chumvi, anapanda Kyondo mpaka Butembo, ama anapita njia ya Kasindi kwenda Beni. Anabebwa na gari ndogo ambazo Japani walizitengeneza kwa watu wa ofisi, viti vya kitambaa. Maji ya samaki yanaingia ndani ya kitambaa, yanashuka kwa sponji, na chumvi inaenda kula chuma chini yake. Kwa mlango ni mbaya zaidi. Ule ubao wa ndani, kwa gari nyingi, ni karatasi ngumu tu iliyogandamizwa. Ikikunywa maji inavimba, klipsi zinaachia, mlango unaanza kulia kwa kila shimo la barabara. Na abiria aliyevaa vizuri kwenda harusi anafika Butembo akinuka soko.

Sikai, ile ngozi ya plastiki, unapangusa kwa kitambaa na sabuni, basi. Wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, kila mtu wa Beni na Butembo alijifunza tofauti ya kitu chenye kuoshwa na kitu chenye kukunywa uchafu.

Mtatuuliza: Butembo hakuna mafundi? Wako, na wanajua kazi. Lakini shofere si mwenye gari. Kila jioni patron anangojea hesabu yake, na gari iliyolala siku tatu kwa fundi ni siku tatu za deni. Hapa ndipo tunaona nafasi yenu. Ubao wa mlango unatolewa jioni kwa turnevisi moja, gari inatembea bila huo ubao (mrudishe tu mkono wa kioo), na kesho yake jioni mnaurudisha ukiwa mpya. Mlango mmoja leo, mwingine kesho. Patron hapotezi hata safari moja. Fundi wa mbali hawezi kufanya hivyo, ninyi mnaweza, juu gari inalala kwenu.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi wanafikiri ugumu uko kwa kukata. Hapana, ugumu uko kwa kole. Mmeona zile gari ambazo sikai inaanza kufanya mapovu baada ya mwezi? Gari ikisimama juani, ndani kunakuwa sawa jiko, na kole dhaifu inalainika. Kole nyeupe ya mbao msiiguse kabisa. Mtumie kole ya mafundi viatu, ile ya kupaka pande mbili, na muwe na uvumilivu. Kwanza mkwangue kole ya zamani yote, mkaushe ubao juani, ubao wenye kuvimba mkate mwingine mpya wa mbao nyembamba kwa kufuata ule wa zamani. Mpake kwa ubao, mpake kwa mgongo wa sikai, halafu mngoje dakika kumi ama kumi na tano, mpaka ukigusa kidole hakishikwe tena na majimaji. Mtu mwenye haraka anabandika ikiwa mbichi, ile hewa ya kole inafungwa ndani, na ndiyo inakuwa mapovu. Mkianza kubandika, muanzie katikati kwenda pembeni, juu ikishikana haikubali kurudi.

Kwa pembe zenye kuzunguka, sikai inapenda joto. Juani kidogo, ama mashine ya saluni ya kukausha nywele, inakuwa laini na inafuata umbo. Mwache sentimita nne za kukunja nyuma, na kwenye mviringo mkate vijino vidogo ili isikunjamane. Roli ya sikai kwa kawaida iko na upana wa karibu mita moja na nusu kasoro kidogo. Ukipanga vizuri, mita mbili zinatosha milango minne ya gari ndogo.

Wadada wenye mashini za kushona, viti ni vyenu. Uzi uwe wa nailoni, wa pamba unaoza na unyevu wa ziwa. Mishono iwe mirefu, karibu milimita nne, juu sikai yenye kutobolewa karibu-karibu inapasuka kwa mstari sawa tikiti. Ikigandama chini ya mguu wa mashini, pitisheni sabuni kavu kidogo.

Mambo matatu hatutaki mtu ayachukue kwa mchezo.

Kole hii inashika moto haraka sana, na hewa yake inatembea chini-chini mpaka kwenye makala ya mama anayepika. Tunasema kazi ya lopango, hatusemi kazi ya chumbani. Mfanyie nje, penye upepo, mbali na jiko, na mtoto asilale pahali kopo limefunguliwa. Nyumba zetu za mbao zimebanana, moto wa mmoja ni moto wa avenue nzima.

Vipande vya sikai vinavyobaki, msiwashie navyo makala. Moshi wake uko na asidi, unakula mapafu. Mtengenezee mikoba ya simu, ama muweke kwa viti vya moto, wamotari wanahitaji.

Ya tatu, mtazame ubavu wa kiti kabla ya kukifunika. Ukiona kimeandikwa SRS AIRBAG, ndani kuna mfuko wa hewa, na ule uzi umewekwa dhaifu makusudi ili upasuke siku ya ajali. Ukifunika juu na sikai ngumu, umefunga mlango wa kuokoa mtu. Kiti hicho mkiache, hata papa shofere akiongeza pesa. Usukani vilevile, katikati hapaguswi.

Juu ya bei, hatutawapangia. Tunaomba tu muhesabu vitu vyote: sikai, kole, uzi, na masaa yenu. Vijana wengi wanahesabu sikai peke yake na wanaita faida kile kilicho mshahara wao. Na musipigane kwa kushusha bei mpaka mmoja anaanza kuchanganya kole na petroli ili ienee. Hiyo kole haitashika, na shofere atasema watu wa Kyavinyonge hawajui kazi, wote, si yeye mmoja.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuko hapahapa. Papa mmoja ameahidi kutuachia mlango wa nyuma wa gari yake, ule wa kushoto, umevimba vizuri sana. Mwenye turnevisi ya msalaba ailete, mwenye mashini aje na sindano nene. Sikai tuko nayo, mita mbili, rangi ya kijivu. Kole iko, na itafunguliwa nje.